Uzi: Nyumba za zamani za bonde la Mirongo na mitaa ya kati hapa Mwanza, tuziongelee kabla hazijaisha

Mwangaluka wadau, wakubwa zangu shikamooni.

Wiki iliyopita nimepita mtaa niliokulia huku bonde la mto Mirongo nikakuta nyumba ya tatu kutoka kwa bibi haipo. Haijaanguka, imevunjwa. Vijana wawili wamekaa juu ya kifusi wananyoosha misumari ya zamani kwa nyundo wanatia kwenye kopo la rangi, na ukuta mmoja tu ndio ulikuwa umesimama, chini rangi ya bluu mpaka usawa wa kiuno, juu chokaa, na kwenye ile chokaa kuna mstatili mweupe kuliko kwingine, palipokuwa na kalenda. Hicho chumba nakijua. Alikaa mama mmoja alikuwa anauza furu wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, tulikuwa tunatumwa kwake na sahani jioni. Nilisimama pale kama nusu saa hivi, baadae nikasema ngoja niandike, maana tunaongelea sana miamba na ziwa na sato ila nyumba zenyewe tulizolelewa hakuna anayeziongelea, na zinaondoka kiwanja kwa kiwanja.

Naanzia mwanzo kidogo ili tuelewane. Mji huu kama mji haujazeeka sana. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alifika huku mwaka 1858 akaliona ziwa, lakini kituo cha serikali kilianzishwa na Wajerumani miaka ya 1890. Wao walipanda kilimani, na mpaka leo kuna lile jengo la kilimani watu wanaliita nyumba ya Gunzert, kwa jina la Theodor Gunzert aliyekuwa mkuu wa wilaya wao wa mwisho hapa. Mwingereza akauchukua mji Julai 1916. Sasa ukitaka kuelewa kwanini mtaa huu uko hivi na ule uko vile, anza na kitu kimoja: mzigo ulikuwa unapita wapi.

Reli ya kutoka Tabora imefika Mwanza 1928. Kabla ya hapo njia kubwa ilikuwa ni ziwa lenyewe, kwasababu reli ya Mombasa ilishafika Kisumu tangu 1901, bidhaa zinashushwa pale, zinapandishwa kwenye meli za mvuke, zinakuja mpaka hapa. Kwahiyo bati, misumari, bawaba, vioo, vyote hivyo vilikuwa vinazunguka Kisumu kwanza. Ndio maana bati lilikuwa mali. Mtu akiezeka bati mtaa mzima unajua. Nikiwaza jina la Mabatini huwa nawaza hilo, kwamba kuna kipindi bati lilitosha kuwa jina la mahali.

Halafu Mwingereza akaugawa mji kwa kanda, kama alivyofanya miji mingine ya Tanganyika. Hakuandika "hapa Mzungu hapa Mwafrika", maana nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa na ubaguzi wa wazi usingepita, alichofanya ni kuandika viwango vya ujenzi. Kanda ya kwanza nyumba kubwa, kiwanja kikubwa, bustani. Ya pili maduka na makazi pamoja. Ya tatu vifaa vyovyote vile. Matokeo yake ni yale yale. Mzungu akakaa juu kwenye upepo, Isamilo na kule Capri Point, Mhindi akakaa katikati na maduka yake, na babu zetu wakakaa bondeni karibu na mto unaofurika. Ukitembea leo kutoka Mirongo mpaka Isamilo kwa miguu, kama nusu saa tu, unazivuka kanda zote tatu na utaziona kwenye kuta kabla hujamuuliza mtu.

Sasa nyumba yenyewe. Hii tunayoiita nyumba ya Kiswahili wengi tumezaliwa humo ila hatujawahi kuiangalia. Mbele kuna baraza, kisha mlango mkubwa mmoja, ukiingia unakuta korido inanyooka mpaka mlango wa nyuma, vyumba vitatu kushoto vitatu kulia, nyuma uani kuna jiko, bafu, choo, na pengine banda la vyumba viwili. Basi. Ramani hiyo haikutoka Usukumani, imekuja na watu wa pwani na wa Tabora na Ujiji wakifuata biashara, askari na mabaharia, na Msukuma wa mjini akaichukua akaifanya yake. Sisi asili yetu ni msonge, nyumba ya duara ya nyasi, ambaye hajawahi kuiona aende makumbusho ya Bujora pale Kisesa.

Lakini angalieni akili iliyoko kwenye ile korido. Milango miwili inatazamana, ukifungua yote upepo wa ziwa unapita nyumba nzima, ndani kunapoa bila feni. Mama mwenye nyumba akikaa uani anamuona anayeingia. Mgeni akikaa barazani hajaingia ndani kwa watu na bado amepokelewa. Na mwenye nyumba anajenga chumba kimoja kimoja kadri pesa inavyopatikana, anapangisha vilivyotangulia, kodi inamalizia vilivyobaki. Bibi yangu alijenga hivyo. Alianza na vyumba viwili vya mbele, pesa ya pamba ya shamba la kaka yake, cha sita kilikuja kuisha mama yangu akiwa ameshaolewa.

Na barazani, kwa wanaojua, ndipo shikome ilipohamia. Kijijini wanaume walikuwa wanaota moto jioni wazee wanafundisha, mjini hakuna pa kuwasha moto, ikawa baraza. Babu alikuwa anakaa pale na redio yake na yeyote aliyepita lazima asalimie.

Nimechoka kidole, naendelea kesho. Mwenye picha za zamani aweke.

*

MzeeWaKamanga:

Mjukuu wangu marahaba, umeandika vizuri, endelea. Mimi niongeze upande wa Uhindini maana nilifanya kazi duka la vitambaa pale mjini tangu kijana.

Yale maghorofa ya mitaa ya kati watu wanayapita tu hawainui macho. Inueni macho. Chini duka, juu wanakaa wenyewe, roshani inatoka nje ya ukuta ili mteja asinyeshewe na asipigwe jua. Juu kabisa kwenye paji la jengo baadhi wameandika mwaka na jina la familia kwa simenti. Kuta zina matundu ya maua ya simenti yanaingiza hewa ila ndani huoni kitu, hiyo ilikuwa kwa ajili ya wanawake wao wakae roshani kwa staha. Sakafu za ngazi zilikuwa zinasuguliwa kila Ijumaa mpaka unajiona.

Sasa vijana mnauliza kwanini mengine yamechakaa vile. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi laki moja, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Ndio maana mpaka leo wazee tunaita majengo ya msajili. Wengi walionyang'anywa walikuwa Wahindi. Tajiri wangu aliniita asubuhi akaniambia duka lipo ila nyumba si yangu tena, sasa hivi mimi ni mpangaji kwangu. Ile sura yake siisahau. Baada ya miaka michache walihama wakaenda Canada. Sisemi sheria ilikuwa mbaya au nzuri, ilikuwa na sababu zake, wanyonge walikuwa wananyanyasika kwa kodi. Nasema jengo ambalo mwenye nalo yuko mbali na kodi ni ndogo, bomba likivuja nani atapanda juu kuliziba? Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba.

Na majina ya mitaa pia ni historia. Lumumba, Rwagasore, Balewa, Kenyatta, hao wote ni viongozi wa Afrika, tuliwapa mitaa tulipopata uhuru. Watatu wa kwanza waliuawa. Mtoto akipita kila siku mtaa wa Rwagasore aambiwe huyo alikuwa mwana wa mfalme wa Burundi aliyekuwa anapigania uhuru wa nchi yake.

*

MjukuuWaMirongo:

Shikamoo mzee wangu na asante sana, hilo la paji la jengo nilikuwa nimelisahau kabisa na nimepita pale Makoroboi juzi tu.

Kwa wasiojua, Makoroboi jina limetokana na mafundi wa pale waliokuwa wanatengeneza koroboi za mafuta ya taa kwa makopo na bati chakavu. Pale pale kuna hekalu la Wahindu, pembeni miamba, mbele meza za machinga, yaani ukisimama sehemu moja unaona mji wote umekutana.

Kitu kingine ambacho sikukisema jana ni jiwe. Huwezi kuongelea nyumba ya Mwanza bila jiwe. Hii miamba ya matale ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, nyumba zetu zimekuja juzi. Bondeni jiwe halisumbui sana ila mitaa ilivyojaa, miaka ya baada ya uhuru, watu wakaanza kupanda milima, Mabatini juu, Igogo, Isamilo upande wa nyuma, na huko hakuna ramani, jiwe ndio mpima viwanja. Kuna nyumba ukuta wa nyuma ni mwamba wenyewe, wamejenga pande tatu tu. Kuna ngazi imechongwa kwenye jabali. Mwamba mkubwa ukiziba njia wanawasha moto juu yake, linapata joto linapasuka, wanagonga, vipande vikubwa vinaenda msingi, vidogo vinakuwa kokoto, mama anakaa chini ya mwavuli anagonga kokoto anauza kwa ndoo. Nyumba nyingi za juu msingi wake umetoka chini ya nyumba hiyo hiyo.

Shida ya jiwe ni choo. Huwezi kuchimba shimo refu, futi mbili tatu umegonga mwamba, kwahiyo vyoo vimejengwa kwa kuinuliwa, mvua ikinyesha maji yote yanateremka bondeni kwetu na mto Mirongo unabeba. Siku hizi baadhi ya mitaa ya mlimani imeunganishwa na mabomba membamba ya majitaka yanayopita katikati ya miamba na hali imekuwa afadhali, ila wa bondeni tunajua tulichokula miaka hiyo.

*

FundiUashi:

Mkuu habari. Mimi ni fundi, nimeshavunja nyumba kama hizo nyingi tu kwa kulipwa, kwahiyo ninayoandika nimeyaona kwa ndani.

Nyumba za zamani kabisa za huko bondeni ukuta wake siyo tofali. Ni miti imesimikwa, halafu fito zimefungwa kulala pande zote mbili, katikati wamejaza udongo na mawe madogo, kisha wanakandika nje na ndani. Juu ya hapo ndio lipu nyembamba ya simenti imekuja baadae sana mtu alipopata hela, kwasababu kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kimeanza 1966, kabla ya hapo saruji ilikuwa inatoka nje ya nchi na siyo kila mtu angeipata. Wengi wakiona lipu wanadhani ni nyumba ya tofali. Gonga kwa ngumi usikilize, ya udongo inajibu puu, haitoi sauti kali.

Inayoua ukuta wa udongo ni maji, kuchakaa peke yake hakuuui. Bati likitoboka juu ya ukuta, maji yanaingia katikati, udongo unashuka, mti unaoza, lipu inabaki kama ganda la yai. Na kosa kubwa ninaloliona watu wanapiga simenti nzito kwa nje wakidhani wanaiimarisha, ule unyevu unakosa pa kutokea, nyumba inaoza ndani kwa ndani. Paka chokaa kila mwaka, rekebisha bati, chimba mtaro mbele, hiyo nyumba itakuzika wewe.

Paa zao pia siyo mchezo. Paa la pande nne, linashuka mpaka chini linafunika baraza, mvua ya upepo wa ziwa haigusi ukuta. Hizi tunazojenga sasa hivi za kuficha bati, ukuta unapanda juu mpaka huoni paa, maji hayana pa kwenda, kila masika naitwa kuziba.

*

BintiKirumba:

Samahanini kaka zangu na babu shikamoo, mimi niseme upande mwingine. Nimekaa nyumba ya korido miaka kumi na moja, sisi watu watano chumba kimoja. Choo kimoja familia saba. Asubuhi foleni. Mtu akigombana na mumewe wote tunasikia. Maji yakijaa Mirongo tunapandisha godoro kwenye meza tunakaa juu na watoto. Mama yangu alikuwa anapika kwenye korido mvua ikinyesha, moshi wote ndani, mpaka leo anakohoa. Kwahiyo nikisikia mtu anasema zilikuwa nyumba nzuri zisivunjwe najiuliza kama alikaa kama mpangaji au kama mjukuu wa mwenye nyumba. Na mtu mwenye kiwanja pale mjini akipewa bei nzuri kwanini asiuze akasomeshe wanae?

*

MjukuuWaMirongo:

Dada yangu pole, na pole kwa mama. Umesema kweli na umenigusa, mimi nilikuwa mjukuu wa mwenye nyumba, foleni ya choo sikuipanga kama wewe, bibi alikuwa ananipitisha. Nimesoma post yako mara mbili.

Sitaki mtu yeyote arudi kukaa watano chumba kimoja. Na anayeuza simlaumu, hata kwetu wajomba wameshakubaliana na dalali, bibi amefariki, warithi ni tisa na kila mmoja ana shida zake. Ninachokitaka mimi ni kidogo kuliko hicho: tusiiache iondoke bila kuijua. Kwasababu hakuna atakayeifanya hiyo kazi kwa niaba yetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na Mwanza mji haujakuwepo hata, jengo la hapa lazima waziri alitangaze kwenye gazeti la serikali ndio lilindwe. Hilo linaweza kufanyika kwa jengo la kilimani la Mjerumani. Kwa nyumba ya bibi yangu ya fito na udongo nani ataenda wizarani? Mji Mkongwe wa Zanzibar umeingia urithi wa dunia mwaka 2000 na ni haki yake, huku kwetu tusisubiri dunia, mita ya futi na simu ya kupigia picha vinatosha kwa kuanzia.

Na hata hayo ya mama yako, dada, yaandike. Korido iliyojaa moshi ni historia ya hiyo nyumba sawasawa na upepo wa ziwa niliousifia mimi.

Fundi, Jumamosi una nafasi? Nimekutumia ujumbe.

*

MjukuuWaMirongo:

Wadau nimerudi. Jumamosi tumeenda na fundi, naye hakutaka hata nauli, Mungu ambariki. Naweka vipimo hapa hapa ili vikae mahali.

Upana wa nyumba yote futi 28, kina futi 36 bila baraza. Korido futi 5. Vyumba vyote sita futi 10 kwa 11, tofauti inchi moja mbili tu, na walijenga kwa miaka mingi, fundi tofauti, yaani kuna mtu alikuwa na kamba ameihifadhi. Ukuta unene inchi 9. Baraza futi 4 kwenda mbele, simenti yake imelika katikati tu, pale babu alipokuwa anaweka kiti.

Fundi akaomba kutoboa lipu nyuma ya mlango wa chumba cha tatu, mjomba akasema toboa tu si inavunjwa. Ikatoka lipu ya simenti, chini yake chokaa tabaka kwa tabaka, nimehesabu rangi nne, nyeupe, njano, ile bluu ya mtaa mzima, tena nyeupe. Chini yake udongo mwekundu uliokandikwa, na kwenye udongo kuna alama za vidole. Vinne vimeburuzwa kwenda chini, kiganja kidogo, fundi akasema hawa ni wanawake, kukandika ilikuwa kazi yao, wanaume wanasimika miti. Nikaweka vidole vyangu pale havikuenea. Sijui kama ni vya bibi au vya majirani waliokuja kumsaidia, ila nilikaa kimya kidogo, na mjomba naye ambaye muda wote alikuwa anaongea na simu akaikata akaja kuangalia.

Ndani kabisa fito zimefungwa kwa kamba ya katani, bado ngumu, fundi alijaribu kuikata kwa kisu kidogo ikamsumbua. Miti miwili tu ya upande wa bafu ndio imeoza, pale bati lilipotoboka, kama alivyosema.

Tumekubaliana na mjomba vitu viwili. Mlango mkubwa wa mbele unatoka mzima na fremu yake, wa mninga, unakwenda kwa mama yangu Nyegezi. Na wavunjaji hawaanzi mpaka nimalize kupiga picha kila chumba, kaniahidi mpaka mwisho wa mwezi. Wapangaji wawili waliobaki wameniruhusu kuingia, mmoja amekaa pale tangu 1988, kesho nakwenda na kinasa sauti.

BintiKirumba kama mama yako yuko tayari naomba nije siku nimsalimie, nitakuja na shemeji yako. Na mwenye nyumba nyingine ya korido huko Mbugani, Pamba, Mlango Mmoja, au popote, mita ninayo na fundi kasema Jumamosi mbili zijazo yuko wazi, andika hapa chini mtaa ulipo tuje tupime.